Nafsi Tatu, Mungu Mmoja: Ugomvi wa Nikea

Mnamo mwaka 112 hivi, liwali wa Kirumi aitwaye Pliny alimwandikia Kaisari Trajan barua kutoka jimbo la Bithinia, katika Uturuki ya leo. Alikuwa amewahoji Wakristo. Waliokubali kufukiza ubani mbele ya sanamu za miungu aliwaachilia. Walioshikilia imani yao aliamuru wauawe. Hata hivyo, kosa alilolisikia lilikuwa dogo: watu hao hukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama mungu.

Barua hiyo ina kitendawili. Watu walikufa kwa kuwa walikataa miungu mingi, na papo hapo walimwimbia Kristo. Je, walikuwa na Mungu mmoja au wawili?

Miaka mia mbili baadaye, padri mmoja wa Aleksandria huko Misri, Arius, alitoa jibu lake. Mungu ni mmoja na hana mwanzo. Mwana ana mwanzo, kwa hiyo ni kiumbe, ingawa ameumbwa kabla ya vyote na yu juu ya vyote. Hoja hiyo aliitia katika mashairi, na inasimuliwa kwamba mabaharia na wasaga nafaka waliyaimba.

Leo jina la Arius ni jina la mzushi, lakini yeye aliamini kwamba anaulinda umoja wa Mungu. Wapinzani wake nao waliamini hivyo hivyo. Ukimwabudu kiumbe, walisema, huna tofauti na mpagani. Na ukimwita mungu mdogo, tayari una miungu miwili. Kila upande ulimwona mwenzake ndiye mshirikina.

Mwaka 325 Kaisari Constantine, ambaye bado hakuwa amebatizwa, aliwaita maaskofu Nikea, mji wa Bithinia ileile ya Pliny. Walifika wapatao 300. Walikubaliana kwamba Mwana ni *homoousios*, yaani wa dhati moja na Baba. Neno hilo halimo katika Biblia, na liliwakera wengi. Arius na maaskofu wawili waliomuunga mkono wakapelekwa uhamishoni.

Ugomvi haukuisha. Constantine mwenyewe alibatizwa akiwa mahututi mwaka 337, na aliyembatiza alikuwa askofu wa upande wa Arius. Athanasius, mtetezi mkuu wa Nikea, alifukuzwa jimboni mwake mara tano. Mwaka 362, katika mkutano wa Aleksandria, ilibainika kwamba wengine walikiri *hypostasis* tatu na wengine moja (neno la Kigiriki lililoweza kumaanisha nafsi au dhati), kumbe walipohojiwa walikusudia jambo lilelile. Neno moja lilikuwa limewagombanisha ndugu.

Mtaguso wa Konstantinopoli wa 381 ulipomkiri Roho Mtakatifu kuwa wa kuabudiwa pamoja na Baba na Mwana, swali lilizidi makali. Petro, Yakobo na Yohana ni watu watatu. Kwa nini Baba, Mwana na Roho wasiwe miungu mitatu? Askofu Gregory wa Nyssa alijibu kwamba watu watatu hufanya kila mmoja kazi yake, bali tendo la Mungu ni moja tu: hutoka kwa Baba, hupitia kwa Mwana, hukamilika katika Roho.

Jibu hilo halikumridhisha kila mtu. Maandishi ya Kuba la Mwamba, jengo la Kiislamu lililojengwa Yerusalemu mwaka 72 Hijria, bado yanawaonya Watu wa Kitabu wasiseme "watatu".

Kwetu pwani, mjadala huu una kikwazo cha ziada. Ili kuitafsiri *hypostasis*, Kanisa lilichukua neno "nafsi", lenye asili ya Kiarabu. Lakini Mswahili akisema "nafsi yangu" anamaanisha mimi mwenyewe. Akisikia "nafsi tatu", anahesabu wenyewe watatu, hesabu ambayo Gregory aliikataa.

Basi, ikiwa umoja maana yake ni kutokuwa na utofauti wowote ndani ya Mungu, Ukristo hauingii katika kipimo hicho, na Myahudi na Mwislamu wana sababu ya kuukataa. Ikiwa maana yake ni dhati moja na tendo moja, unaingia. Jambo moja historia inalishuhudia: Utatu haukubuniwa na watu waliotaka kuongeza miungu. Wakristo wa Bithinia waliimba kwanza. Maelezo yaliwafuata miaka mia mbili baadaye, nyuma ya wimbo.