Uzi: Eti Malindi ni upinzani wa kuzaliwa?

Kampeni zikianza tu, kuna sentensi lazima itokee: "Pwani hupigia upinzani, hata ukiwapa nini." Na wanaoisema kwa sauti ya juu ni wale ambao Malindi wanaijua kwa hoteli na pizza. Nasoma sayansi ya siasa na nimezaliwa Ganda, kwa hivyo nivumilieni kidogo. Sitataja chama wala mwanasiasa.

Kwanza, dai lenyewe si kweli. 1992 na 1997, vyama vingi vikiwa vimerudi, Mkoa wa Pwani ulimpa kura nyingi rais aliyekuwa madarakani. 2002 ukahamia kwa muungano wa upinzani, ambao ulishinda. Ni kuanzia 2007 ndipo mgombea wa urais anayeongoza huku kwetu hutangazwa kushindwa kitaifa. Sasa huo upinzani wa kuzaliwa uko wapi?

Kitu ambacho hakijabadilika ni ardhi. 1895 Waingereza walichukua usimamizi wa ukanda wa maili 10 uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. 1908 wakaleta sheria ya hatimiliki: mwenye kudai shamba aje athibitishe, lisilodaiwa ni la serikali. Wengi waliopata hati walikuwa Waarabu na Waswahili wa mijini. Wamijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na haina jina la mtu mmoja, wakabaki nje. Halafu 1914, baada ya upinzani wa Wagiriama tunaoukumbuka kwa jina la Mekatilili wa Menza, wakachomewa nyumba na kufukuzwa kaskazini ya mto Sabaki.

Hapo ndipo siasa zetu zinapoeleweka. Karibu na uhuru, mjini kulikuwa na sauti za Mwambao, yaani ukanda ujitawale au urudi kwa Sultani. Mgiriama wa shambani akisikia hivyo alijiuliza: nitoke kwa Mzungu nirudi kwa mwenye shamba? Wengi wakaegemea majimbo, ndani ya Kenya lakini ardhi iamuliwe huku. Oktoba 1963 suala la Mwambao likafungwa London. Majimbo nayo hayakumaliza hata miaka miwili. Kufikia mwisho wa 1964 chama kilichoyatetea kilikuwa kimejivunja chenyewe. Kwa hivyo mtu akikwambia "watu wa Malindi wanataka hiki", muulize watu gani. Shella na Jilore ziko kwenye eneobunge moja, lakini hazina historia moja ya ardhi.

Mtasema, si hati zimetolewa? Zimetolewa, tena kwa mbwembwe. Agosti 2013 serikali ilitangaza hati zaidi ya 60,000 kwa Pwani. Watu wakapanga foleni, wakachukua, wakashukuru, na 2017 wakapiga kura kule kule walikokuwa. Wachambuzi wa Nairobi wakaona huo ni ukosefu wa fadhila. Mimi naona hawakuangalia hati zilitoka wapi. Serikali hugawa kwa urahisi ardhi yake, hasa kwenye skimu za makazi. Penye mwenye hati iliyotokana na ile sheria ya 1908, haiwezi kumpimia skwota tu. Lazima kwanza inunue au ichukue kwa fidia. Ndiyo maana jirani anapata na wewe unangoja.

Nyumba niliyozaliwa ina mabati, choo, na mwembe aliopanda babu. Ardhi iliyo chini yake ina jina la mtu ambaye hakuna kwetu aliyewahi kumwona. Tunalipa ijara. Babu akipanda mti mpya lazima afikirie nani atakuja kuuliza.

Mfano mzuri zaidi ni uchaguzi mdogo wa Malindi, 7 Machi 2016. Mbunge aliyechaguliwa kwa tiketi ya upinzani aliteuliwa waziri, kiti kikawa wazi, na pande zote mbili kubwa za kitaifa zikahamia huku. Hoja ya serikali ilikuwa nyepesi: tumewapa waziri, rudisheni mkono. Upinzani ukabaki na kiti. Nilikuwa mtoto wa shule, nakumbuka magari tu na fulana za bure. Nikiisoma leo naona wapiga kura waliokataa cheo cha mtu mmoja kihesabiwe kama malipo ya deni la wengi.

Lakini tusiwapambe watu wetu pia. 2022 Mombasa na Kilifi zilikuwa kati ya kaunti zilizojitokeza kwa uchache zaidi nchini. Wengi hawakuwa upande wowote, walikaa nyumbani. Wachambuzi wanaopenda ramani za rangi hawana rangi ya hao.

2027 mgombea akija na hati mkononi, msimuulize anatoka chama gani. Muulizeni ni plani namba ngapi, na mwenye ardhi ya awali amelipwa au bado. Nikimaliza mtihani nitaandika uzi wa mashamba ya chumvi ya Magarini, maana huko kuna mambo.