Suruali ya mpanda miti

Juzi asubuhi walikuja vijana watatu mtaani kwetu kukata matawi ya mkungu mkubwa ulioanza kuegemea nyaya za umeme. Mmoja wao alipanda kwa kamba, msumeno wa mnyororo, ule ambao mafundi wanauita chenso, ukiwa unaning'inia kiunoni. Nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu mwenye kazi zake. Sikuwa nautazama mti, nilikuwa naitazama suruali ya yule kijana. Ilikuwa ya kijani, imechakaa, na pajani ilikuwa na alama ndogo ya ngao yenye picha ya msumeno. Nikajisemea, kumbe siku hizi vijana wetu wanavalishwa! Furaha yangu haikudumu, lakini huko nitafika.

Suruali hizi nazijua kwa sababu ya marehemu mjomba wangu. Alikuwa mkata magogo katika misitu ya kupandwa kule Mufindi, na sisi watoto tulimfahamu kama mtu anayechechemea. Kovu lake lilikuwa juu kidogo ya goti la kushoto, upande wa nje, pana kama kiganja. Hakuwa mzembe hata kidogo. Alikuwa amechoka, jioni inaingia, msumeno ukamponyoka wakati anahama kutoka gogo moja kwenda jingine. Alikuwa amevaa kaptula.

Sasa tuutazame msumeno wenyewe. Wengi mtashangaa kusikia kwamba ulianzia kwa madaktari. Mwishoni mwa karne ya 18, madaktari wawili wa Scotland, John Aitken na James Jeffray, walitengeneza mnyororo mdogo wenye meno, wa kuvutwa kwa mikono, wa kukatia mifupa iliyooza na kiungio cha mifupa ya kinena cha mama aliyeshindwa kujifungua. Aitken aliuchora katika kitabu chake cha ukunga cha mwaka 1785. Mwaka 1830 Mjerumani Bernhard Heine akauzungushia mnyororo huo kwenye upanga na kuutia mkono wa kuzungusha. Maana yake ni kwamba chombo hiki kilibuniwa tangu mwanzo kukata mwili wa binadamu, na kazi hiyo hakijaisahau.

Msituni kilifika baadaye. Mwaka 1926 Andreas Stihl wa Ujerumani alitoa msumeno wa umeme, na mwaka 1929 ukafuata wa petroli. Katikati yao, mwaka 1927, Mjerumani mwingine, Emil Lerp, aliujaribu wake wa petroli kwenye mlima uitwao Dolmar, na mashine ikachukua jina la mlima. Misumeno hiyo ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 40 na ilishikwa na watu wawili. Uzito ule ulikuwa kinga ya namna yake, kwa sababu hakuna aliyeweza kupanda nao mtini.

Mambo yalibadilika baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1946, katika jimbo la Oregon huko Marekani, Joseph Cox alikuwa anapasua kuni akamwona funza wa mbawakawa akitafuna gogo, akienda kushoto na kulia. Alimchunguza taya zake, kisha akatengeneza mnyororo wenye meno yaliyopinda kama taya zile. Mnyororo huo ndio mzazi wa karibu yote tunayoiona leo. Mwaka 1950 Stihl wakatoa msumeno wao wa mtu mmoja, na mwaka 1959 wakatoa ulioitwa Contra, kama kilo 12 tu. Baadaye vikaja vidogo zaidi, vyenye mshikio juu, vilivyotengenezwa mahsusi kwa wapanda miti. Hivi vya mwisho vinaweza kushikwa kwa mkono mmoja, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu mkono wa pili ukishaachia, hakuna anayejua upanga utarukia wapi.

Mashine ilikwenda mbio hivyo, na mwili wa mfanyakazi ukafuata nyuma taratibu. Breki ya kuusimamisha mnyororo pale msumeno unaporuka kumwelekea mshikaji ilianza kuwekwa viwandani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kinga ya miguu ilitangulia kidogo. Idara ya Misitu ya Marekani iliwapa wakataji wake kinga za mapaja mwaka 1965, vipande viwili vinavyofungwa kwa mbele kama vazi la wachunga ng'ombe wa kule, vyenye nailoni nene ndani. Mwaka 1981 nailoni ikabadilishwa na kuwekwa Kevlar, uzi uliogunduliwa na mwanakemia Stephanie Kwolek.

Hesabu na wewe msikilizaji. Toka msumeno wa Stihl wa 1926 hadi kinga ile ya 1965 ni miaka 39. Katika miaka yote hiyo mguu wa mkataji ulilindwa na kitambaa kile kile cha kwendea sokoni.

Wengi wanadhani suruali hii ni ngumu kama bati, meno yakigusa yanateleza. Sivyo inavyofanya kazi. Bila shaka umewahi kumwona mama aliyepakiwa kwenye baiskeli, khanga yake ikaingia kwenye mnyororo. Mnyororo unaimeza, unajisokota, na baiskeli inasimama. Basi ni hivyo hivyo. Kitambaa cha nje hukatika mara moja. Chini yake kuna matabaka ya nyuzi ndefu, zimelazwa bila kukazwa. Meno yakizigusa yanazivuta, zinaburutwa mpaka kwenye gurudumu linaloendesha mnyororo, zinajisokota pale, na msumeno unakwama. Yote haya ni kwa nukta tu, ilimradi nyuzi ziwe huru kuvutika. Ukizishona kwa cherehani, ukizipiga pasi ya moto au kuzifua kwa dawa ya kung'arisha nguo, unaziharibu. Na suruali ikishaokoa mguu mara moja inatupwa, haitiwi kiraka. Ni sharti gumu kwa watu kama sisi tuliozoea kutia viraka.

Wazungu waliandika haya yote katika kiwango cha Ulaya cha miaka ya 1990 kiitwacho EN 381, ambacho sasa kimeingizwa katika kile cha kimataifa cha ISO 11393. Daraja la kwanza hupimwa kwa mnyororo unaokwenda mita 20 kwa nukta, yaani kilomita 72 kwa saa, mwendo wa basi barabara kuu. La pili ni mita 24, la tatu 28. Misumeno mikubwa inaweza kupita hapo, kwa hiyo hakuna suruali inayoahidi kila kitu. Aidha, kinga hizi zilibuniwa kwa ajili ya injini za petroli, na wataalamu hutahadharisha kwamba misumeno ya betri haikwamishwi na nyuzi kwa urahisi ule ule.

Ndani ya kiwango hicho nilikuta jambo lililonigusa. Suruali ya aina ya A, ya mkataji aliyesimama chini, hulinda mbele ya miguu yote miwili, kisha huongezewa sentimita 5 upande wa nje wa mguu wa kushoto. Ni pale pale kwenye kovu la mjomba. Kumbe walishajua upanga hutua wapi.

Mpanda miti yeye ana aina yake, C, inayozunguka mguu mzima, kwa sababu mtu aliyening'inia kwenye kamba hujipinda, hugeuka, na msumeno unaweza kumfikia kutoka nyuma ya ndama ya mguu. Lakini suruali hiyo ni nzito na ina joto kali. Wamarekani walipotoa kanuni yao ya ukataji magogo, iliyoanza kutumika mwaka 1995, waliamuru kila mshika msumeno avae kinga ya miguu, kisha wakaweka mlango kwa mpandaji, endapo mwajiri ataonyesha kuwa kuivaa kunaleta hatari kubwa zaidi. Naielewa hoja hiyo, ila sipendi kuona mlango huo ukifunguliwa na watu ambao hawajawahi kupanda hata mpera.

Na sisi wa nchi za joto tunayo hoja yetu, nayo si ya uongo. Jaribu kuvaa blanketi miguuni Dar es Salaam mwezi wa Februari, kisha upande mkungu.

Yule kijana aliposhuka kunywa maji alinisalimia, "Shikamoo mzee." Nikamwitikia, nikamuuliza suruali ameitoa wapi. Akasema ya mtumba, kainunua mwenyewe, kapenda jinsi ilivyo imara. Nikamuuliza kama naweza kuigusa pajani. Akacheka, akaniruhusu. Ilikuwa nyepesi kama suruali yoyote.

"Ilikuwa na sponji nyingi ndani, mzee," akaniambia. "Nilikuwa naiva. Nikampelekea fundi cherehani akaifumua, akaitoa yote."

Nilimweleza zile sponji zilikuwa kitu gani. Alinyamaza, akaitazama ile alama ya ngao, kisha akamtazama msimamizi wake aliyekuwa kivulini. Msimamizi akasema yeye huwapa kofia na kamba, suruali kila mtu anajitafutia. Nilimuuliza msumeno je, nao kila mtu anajitafutia? Hapana, akasema, msumeno ni mali ya kampuni.

Kijana alikuwa ameshaanza kufunga mkanda wake. Nikamuuliza zile nyuzi ziko wapi, labda fundi anaweza kuzirudisha, ingawa nilijua haiwezekani. Akasema mkewe alizijazia kwenye mto wa mtoto. Kisha akapanda, kwani lilikuwa limebaki tawi moja, lile kubwa la upande wa nyaya.