Wembe Mmoja kwa Bweni Zima

Wenzangu wa rika langu mtamkumbuka kinyozi wetu. Aliulaza wembe wake wa kukunja bapa juu ya kinoo chenye maji, akausukuma makali yakitangulia. Kisha, mgongo ukitangulia, akaupitisha kwenye mkanda wa ngozi uliopakwa dawa ya kung'arishia. Nyembe za kutupa, zilizoanza kuuzwa na Gillette huko Marekani mwaka 1903, aliziita za wavivu. Tulinyolewa sote kwa wembe huo. Damu ikitoka, alituliza kwa shabu.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera. Ndipo tulipoelewa: kinoo kilirudisha makali, hakikuua vijidudu. Vijana, uheshimuni ustadi ule, lakini kila mtu na wembe wake.