Damu ya Mundu na Homa ya Malaria

Katika vijiji vingi vya pwani na vya kandokando ya Ziwa Victoria wako watoto ambao toka uchanga wao huwa na macho ya manjano, hupungukiwa damu, na kila baada ya muda hushikwa na maumivu makali ya mifupa. Wengine huvimba vidole vya mikono na miguu kabla hawajajua kusema. Mara nyingi watu wa nyumba hutafuta wa kumlaumu, na anayelaumiwa huwa ni mama. Husemwa kwamba ametoka katika ukoo mbaya, au kwamba pana mkono wa jirani. Leo twataka kueleza habari za ugonjwa huo, ambao huitwa selimundu, na namna ilivyogunduliwa ya kuwa umefungamana na homa ya malaria.

Waafrika waliujua zamani sana. Daktari Felix Konotey-Ahulu wa Ghana alifuatilia habari zake katika ukoo wake mwenyewe, akafika mpaka mwaka 1670. Lakini katika vitabu vya waganga wa Ulaya na Marekani, hadithi huanzia Chicago. Huko, mwishoni mwa mwaka 1904, kijana mmoja wa kisiwa cha Grenada, aliyekwenda kusomea kazi ya meno, aliingia hospitali. Damu yake ilipotazamwa kwa hadubini, chembe nyekundu nyingi zilionekana si za mviringo kama ilivyo desturi, bali nyembamba, zimepinda kama mundu wa kuvunia mpunga. Daktari James Herrick akazitangaza habari hizo mwaka 1910, asijue sababu yake.

Ubaya wa umbo hilo ni huu. Chembe ya mviringo ni laini, nayo hupenya katika mishipa iliyo myembamba kuliko unywele. Iliyopinda huwa ngumu. Hukwama, na nyingine hukwama nyuma yake, na pale damu isipofika ndipo maumivu yanapoanza. Tena huvunjika upesi. Chembe nzima huishi karibu siku 120. Hiyo huishi siku kumi hadi ishirini tu.

Mwaka 1949 ulileta maarifa mengi kwa pamoja. Linus Pauling na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba kosa limo katika hemoglobini, yaani kile kitu chekundu cha damu kinachochukua hewa safi. James Neel, naye wa Marekani, na daktari E. A. Beet aliyekuwa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, walieleza jinsi ugonjwa unavyorithiwa, kila mmoja mbali na mwenzake.

Hapa twaomba msikilizaji atulie kidogo. Kila mtu ana mbegu mbili za urithi, ambazo wataalamu huziita jeni, zinazoamuru hemoglobini yake iweje: moja ya baba, moja ya mama. Mwenye mbegu moja ya mundu na moja nzima kwa kawaida haugui. Hulima, huzaa, huzeeka, wala hajui alicho nacho. Mgonjwa ni yule aliyepokea ya mundu kutoka pande zote mbili. Basi mama peke yake hawezi kumpa mtoto ugonjwa huu, na baba anayemfukuza mkewe kwa ajili yake amesahau fungu lake. Tena, wazazi wote wawili wakiwa na mbegu moja moja, kila mimba ni kama kurusha shilingi mbili kwa pamoja: mara moja katika nne huangukia upande mbaya zote. Mtu asidhani kwamba akiisha kuzaa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata watakuwa salama. Shilingi hazikumbuki zilivyoanguka jana.

Lakini palibaki fumbo. Kitu kinachoua watoto kabla hawajakua na kuzaa hakina budi kupungua kizazi baada ya kizazi. Mbona hiki kilikuwa kingi hivi?

Mwaka uo huo wa 1949 Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari aliyelelewa Kenya, alirudi pamoja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya. Wenziwe walikusanya mimea na wadudu. Yeye alikusanya damu. Akaona jambo la ajabu. Katika baadhi ya makabila ya pwani na ya karibu na Ziwa, watu zaidi ya 20 katika kila 100 walikuwa na mbegu moja ya mundu. Kwa Wakikuyu na Wamasai wa nchi za juu hata mmoja katika 100 alipatikana kwa shida. Akajiuliza, ni nini kilichopo pwani na Ziwani ambacho hakipo milimani? Mbu.

Alimaliza kwanza masomo yake, kisha akarudi mwaka 1953. Karibu na Kampala alipima watoto 290. Miongoni mwa 43 wenye mbegu ya mundu, 12 walikuwa na vimelea vya malaria. Miongoni mwa 247 wasio nayo, 113. Tena watu wazima 30 wa Kijaluo walikubali kutiwa malaria makusudi. Katika 15 wasio na mbegu hiyo, 14 walishikwa. Katika 15 wenye nayo, wawili tu. Vitabu humtaja daktari kwa jina, na watu hawa kwa hesabu. Sisi twaona deni la elimu hii kwao si dogo, na jaribio kama lile lisingekubaliwa leo kwa wepesi.

Allison alitangaza aliyoyaona mwaka 1954. Kimelea cha malaria huingia ndani ya chembe nyekundu, na chembe ya mwenye mbegu moja, ikiisha kuingiliwa, hupinda upesi na kuondolewa na bandama. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa. Huyo aweza kuugua malaria, ila si rahisi imwue. Kwa hiyo mbegu iliyomzika mtoto mmoja ndiyo iliyowavusha ndugu zake wakati wa masika. Kwa mgonjwa mwenye mbili hakuna kinga hiyo. Kwake malaria ni adui mkali, naye hupaswa kulala ndani ya chandarua kila usiku.

Na yule kijana wa Grenada? Wazee wake walichukuliwa utumwani kutoka Afrika, na mbegu ikavuka bahari pamoja nao. Chicago haikuwa na malaria ya kumkinga nayo. Ilibaki gharama tu. Alihitimu masomo, akarudi kisiwani kwao kutibu meno, akafariki mwaka 1916, bado kijana.