Mkutano mkuu wa mtaa (Mpanda)

Mkutano mkuu wa mtaa ni kikao cha wakazi wote wa mtaa mmoja wenye umri wa miaka 18 na zaidi, katika maeneo ya miji ya Tanzania Bara. Katika Manispaa ya Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, kama ilivyo katika miji mingine ya nchi, ndicho kikao ambacho majirani hukutana kujadili shida za eneo lao, kuzipanga kwa uzito wake na kupokea taarifa za mapato na matumizi. Ni ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa mjini. Mkutano huu una sauti ya kusema kipi kianze, lakini mtaa hauna bajeti yake wenyewe. Kwa sababu hiyo, utekelezaji wa maazimio hutegemea ngazi za juu pamoja na nguvu za wananchi wenyewe.

## Mahali

Mpanda iko magharibi mwa Tanzania. Mji ulikua kutokana na uchimbaji wa madini ya risasi, ambao ulisababisha kujengwa kwa tawi la Reli ya Kati kutoka Kaliua lenye urefu wa takriban kilomita 210. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ilibaki, na mji uliendelea kuwa kituo cha biashara ya mazao. Hadi mwaka 2012 Mpanda ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa, na ofisi za mkoa zilikuwa Sumbawanga. Mwaka huo Mkoa wa Katavi ulianzishwa na Mpanda ikawa makao yake makuu.

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2012, mkoa mzima ulikuwa na wakazi 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 1,152,958, yaani zaidi ya mara mbili katika miaka 10. Ongezeko hilo lilikuwa la kasi kuliko la mikoa mingine yote ya Tanzania. Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na Wafipa wanaishi pamoja na Wasukuma na watu wengine waliohamia kutafuta mashamba, malisho, dhahabu au kazi. Kiswahili ndiyo lugha ya mikutano.

Manispaa ina kata 15. Baadhi yake, kama Kashaulili, Makanyagio na Majengo, ni za mjini kabisa. Nyingine, kama Kakese na Mwamkulu, ziko pembezoni na wakazi wake wengi ni wakulima. Tofauti hiyo huonekana katika vipaumbele: wa katikati ya mji huzungumzia zaidi mitaro, taka, taa na msongamano wa madarasa, na wa pembezoni huzungumzia barabara ya kutolea mazao, maji na umbali wa zahanati.

## Historia

Baada ya uhuru, shughuli za kujitolea zilikuwa njia kuu ya kujenga shule, visima na barabara. Kuanzia miaka ya 1960 chama cha TANU kilipanga wananchi katika nyumba kumi kumi, na balozi wa nyumba kumi akawa kiungo kati ya familia, chama na serikali.

Mwaka 1972 serikali ilifuta serikali za mitaa na kuweka mfumo uliojulikana kama madaraka mikoani. Uamuzi mwingi ulihamia kwa maofisa wa mkoa na wilaya. Huduma za miji zilizorota, na halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978. Sheria za serikali za mitaa zilitungwa mwaka 1982: Sheria Na. 7 kwa mamlaka za wilaya na Sheria Na. 8 kwa mamlaka za miji. Baadaye ibara za 145 na 146 za Katiba zilitamka kwamba madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Mfumo wa vyama vingi ulirudi mwaka 1992. Mabalozi wa nyumba kumi wakabaki viongozi wa chama, na mwenyekiti wa mtaa akawa kiongozi anayechaguliwa na wakazi kwa kipindi cha miaka mitano. Uchaguzi wa kwanza wa serikali za mitaa chini ya vyama vingi ulifanyika mwaka 1994. Uchaguzi wa karibuni ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024.

## Muundo

Mkutano huongozwa na mwenyekiti wa mtaa. Katibu ni mtendaji wa mtaa, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri na ndiye anayeandika muhtasari. Kati ya mkutano mmoja na mwingine kazi hufanywa na kamati ya mtaa, yenye mwenyekiti na wajumbe wachache waliochaguliwa pamoja naye, wakiwemo wa kundi la wanawake.

Mtaa hutofautiana na kijiji kwa jambo kubwa la kisheria. Kijiji kilichosajiliwa ni chombo chenye hadhi kamili ya kisheria: kinaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, na halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo. Mtaa hauna mamlaka hayo. Hautungi sheria ndogo, na hupendekeza tu bajeti kwa halmashauri ya mji au manispaa. Kwa sababu hiyo eneo la pembezoni linapogeuzwa kutoka kijiji kuwa mtaa kutokana na kukua kwa mji, wakazi wake hupata huduma za mjini lakini hupoteza sehemu ya madaraka waliyokuwa nayo, hasa juu ya ardhi.

## Kupanga vipaumbele

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali imekuwa ikitumia mfumo wa kupanga maendeleo uitwao Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, unaojulikana kwa kifupi kama O&OD. Katika mfumo huo wakazi hawaanzi na orodha ya shida, bali na fursa walizo nazo: ardhi, watu, ujuzi, masoko, vyanzo vya maji. Kisha hutaja vikwazo vinavyozuia fursa hizo kutumika.

Hatua za kawaida ni hizi:

* kuchora ramani ya mtaa inayoonyesha nyumba, visima, shule, njia na maeneo hatarishi;
* kutembea katika mtaa na kujionea hali halisi;
* kuandaa kalenda ya msimu, inayoonyesha miezi ya kazi za shamba, ya njaa, ya magonjwa na ya kipato;
* kujadili katika makundi ya wanawake, wanaume, vijana na wazee kila moja peke yake, ili wanaozoea kunyamaza mbele ya wengine wapate nafasi;
* kulinganisha mahitaji mawili mawili mpaka orodha ipangike;
* kuwasilisha matokeo mbele ya mkutano mkuu ili yakubaliwe au yarekebishwe.

Kulinganisha mawili mawili ndipo mvutano halisi hutokea. Mtaa unaweza kukubaliana kwamba zahanati na daraja la miguu vyote vinahitajika, lakini ukiulizwa kipi kianze, wenye watoto wadogo na wanaovuka mto kwenda sokoni huweza kujibu tofauti. Faida ya mkutano ni kwamba aliyeshindwa hoja amesikia sababu za mwenzake, na jina lake limo katika mahudhurio.

Mfumo ulilaumiwa kwa kuzalisha orodha ndefu za maombi ambazo halmashauri haikuweza kuzigharamia. Kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo la Kimataifa la Japani (JICA), serikali ilitengeneza O&OD iliyoboreshwa, inayosisitiza kwanza yale ambayo wananchi wanaweza kuyaanza wenyewe, kwa kusaidiwa na maofisa wawezeshaji wa ngazi ya kata.

## Safari ya pendekezo

Pendekezo lililokubaliwa katika mtaa huenda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe wake. Huko mitaa ya kata moja hushindania nafasi chache. Yaliyopita huenda kwa wataalamu wa halmashauri, kisha kwenye kamati za kudumu na baraza la madiwani. Bajeti ya halmashauri hupitia ngazi ya mkoa na wizara inayosimamia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), na hatimaye huidhinishwa na Bunge. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai.

Kwa hiyo maandalizi ya mpango huangukia miezi ya mwisho wa mwaka na mwanzo wa mwaka unaofuata. Katika Katavi hiyo ni miezi ya mvua, ambayo huanza kwa kawaida Novemba na kuisha Aprili. Ni wakati wa kulima na kupanda, na wakazi wengi wa kata za pembezoni huwa mashambani. Mkutano unaoitishwa bila kuangalia kalenda ya kilimo huweza kukosa watu ambao barabara na maji vinawahusu zaidi.

Si kila kinachoombwa kiko mikononi mwa halmashauri. Tangu mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini husimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Maji ya mjini yako chini ya mamlaka ya maji, na umeme chini ya TANESCO. Pia fedha nyingine hufika zikiwa zimeshapangiwa kazi. Mfano ni mwaka 2021, ambapo sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19 ilielekezwa kujenga madarasa 15,000 nchini kote. Mtaa uliokuwa umeweka kisima mbele haukuweza kubadilisha matumizi hayo.

## Nguvu za wananchi

Njia ya zamani ya mtaa kuonyesha uzito wa kipaumbele chake ni kuanza kazi. Wakazi hutafuta kiwanja, huchanga fedha, hufyatua matofali, husomba mawe na mchanga, na kupandisha kuta mpaka usawa wa lenta. Jengo hilo lisilo na paa huitwa boma. Halmashauri hutarajiwa kulikamilisha kwa kuezeka, kuweka milango na kuleta watumishi. Shule nyingi za sekondari za kata na zahanati nyingi nchini zilianza hivyo katika miaka ya 2000.

Njia hii ina hatari yake. Boma lisilokamilishwa hunyeshewa mvua na kubomoka, na waliochanga husita kuchanga tena. Aidha, mtaa wenye wakazi wenye uwezo huanza haraka kuliko mtaa maskini, hivyo msaada wa serikali huweza kufuata uwezo badala ya uhitaji. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, michango ya lazima shuleni ilikatazwa, na michango ya wananchi hutakiwa kuwa ya hiari na kuamuliwa na wananchi wenyewe.

Mkutano wa jamii hutumika pia katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ambapo majirani hushiriki kutambua kaya zinazostahili. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyoomba mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri huanza kutambuliwa katika mtaa. Kwa mujibu wa utaratibu, asilimia 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu.

## Changamoto

* Mahudhurio. Wapangaji, vijana na wafanyabiashara wadogo huweza kujiona wageni katika mtaa, hasa katika mji unaopokea watu wapya kila mwaka. Kisheria mkazi ni mkazi, awe na nyumba au amepanga.
* Mrejesho. Wakazi hupeleka vipaumbele lakini si mara zote huambiwa kipi kilikataliwa, na kwa sababu gani. Mkutano unaofuata hupungua watu.
* Taarifa za fedha. Kusoma mapato na matumizi mbele ya wakazi ni wajibu wa viongozi. Usipotekelezwa, hata michango midogo huzua mashaka.
* Siasa. Mwenyekiti huchaguliwa kwa tiketi ya chama, na mkutano wa wakazi wote huweza kuchukuliwa kama mkutano wa chama.

## Kulinganisha na kwingine

Huko Zanzibar ngazi inayokaribiana na mtaa ni shehia, lakini sheha huteuliwa, hachaguliwi. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inazitaka kaunti kuwashirikisha wananchi katika maamuzi, ikiwa ni pamoja na bajeti. Katika mji wa Porto Alegre, Brazil, tangu mwaka 1989 mikutano ya wakazi ilipewa nafasi ya kuamua matumizi ya sehemu ya bajeti ya mji, na mfano huo ulienea katika nchi nyingi. Tofauti yake na mkutano mkuu wa mtaa ni kwamba kule wakazi walijua mapema kiasi cha fedha wanachokigawa. Mtaa wa Tanzania kwa kawaida hupanga kwanza, kisha husubiri kujua kilichopatikana.

## Tazama pia

* Mpanda
* Mkoa wa Katavi
* Serikali za mitaa Tanzania
* Kata