Wanafunzi wa uuguzi na akili mnemba: Kuipenda ni jambo moja, kuielewa ni jingine

Mgonjwa akilazwa wodini, mtu anayekuwa naye kwa saa nyingi zaidi ni muuguzi. Ndiye anayepima joto, anayehesabu pumzi na anayetoa dawa usiku, na mara nyingi ndiye wa kwanza kuona kwamba hali imebadilika. Kwa hiyo kifaa chochote kipya kinachoingia hospitalini hatimaye hufika mikononi mwake. Sasa imeingia akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde. Katika makala haya tunaeleza wanafunzi wa uuguzi wanaionaje teknolojia hiyo, wanaielewa kwa kiasi gani, na kwa nini jambo hili linamhusu hata msikilizaji ambaye hajawahi kuingia darasa la uuguzi.

Akili mnemba inafanya nini hospitalini?

Tukisema akili mnemba tunamaanisha programu za kompyuta zilizofunzwa kwa mifano mingi sana, mpaka zikaweza kutambua kitu kinachofanana na mifano hiyo. Katika huduma za afya zipo za aina tatu ambazo muuguzi anaweza kukutana nazo.

Ya kwanza husoma picha. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza kwamba programu za kompyuta zinaweza kusoma eksirei za kifua badala ya binadamu, katika kuwachuja watu wa umri wa miaka 15 na zaidi wanaoweza kuwa na kifua kikuu. Mtu anayetiliwa shaka bado hufanyiwa vipimo vingine vya kuthibitisha.

Ya pili hutabiri. Hukusanya vipimo vya mgonjwa, kama mapigo ya moyo, joto na majibu ya maabara, kisha hutoa tahadhari kwamba huyu anaelekea kuzidiwa.

Ya tatu huandika na kujibu maswali. Hii ndiyo wanafunzi wengi wanaijua, hasa tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma Novemba 2022. Inapatikana kwenye simu, na mwanafunzi huanza kuitumia kabla mkufunzi hajaitaja darasani.

Tafiti zinapima nini?

Katika nchi kama Uturuki, Saudi Arabia, Jordan na Misri, watafiti wamewapa wanafunzi wa uuguzi madodoso kuhusu akili mnemba. Dodoso moja linalotumika sana lilitengenezwa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2020. Lina kauli 20, kati yake 12 za kuisifu teknolojia hiyo na 8 za kuitilia shaka, na anayejibu huonyesha anakubaliana na kila kauli kwa kiasi gani.

Picha inayojirudia katika tafiti nyingi ni hii: wanafunzi wengi wana mtazamo mzuri kiasi, lakini ujuzi wao ni mdogo au wa wastani. Wengi wanasema waliyoyajua waliyapata mtandaoni, si darasani. Wanatarajia kazi za makaratasi zipungue, na wakati huohuo wanahofia kupoteza ajira na kuona huduma ya utu ikififia.

Hapa ipo tahadhari. Katika madodoso mengi mwanafunzi hujipima mwenyewe. Anayesema "naielewa" hajaonyeshwa jibu lenye kosa ili ionekane kama atalishtukia. Kwa mgonjwa, hilo la kushtukia kosa ndilo lenye uzito.

Kwa nini mtazamo mzuri hautoshi

Tuchukue mfano wa Marekani. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha tathmini ya programu iliyokuwa ikitumika katika mamia ya hospitali nchini humo. Kazi yake ilikuwa kutabiri sepsisi, yaani hali ya hatari inayotokea mwili unapozidiwa na maambukizi na viungo vyake kuanza kushindwa kufanya kazi. Waligundua kuwa programu hiyo haikuwatambua asilimia 67 ya wagonjwa waliopata sepsisi. Hata hivyo ilitoa tahadhari kwa asilimia 18 ya wote waliolazwa.

Mwanafunzi asome takwimu hizo mbili kwa pamoja. Programu ikinyamaza, haina maana kwamba mgonjwa yuko salama. Ikipiga kelele kila mara, wahudumu huzoea na kuanza kuipuuza. Muuguzi anayeiamini kupita kiasi ataacha kumtazama mgonjwa, na asiyeiamini kabisa atakosa tahadhari ambayo ingeokoa maisha.

Mfano wa pili unawahusu zaidi watu wenye ngozi nyeusi. Kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni ili kupima oksijeni si akili mnemba, lakini vipimo vyake huingizwa katika programu za kutabiri. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kifaa hicho kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya ilivyokuwa kwa wagonjwa weupe. Kipimo kikianza na kosa, programu inayokitegemea italibeba kosa hilohilo. Muuguzi anayelijua hili akiona mgonjwa anahema kwa shida huku kifaa kikionyesha namba nzuri, hataridhika na namba.

Mfano wa karibu: Nairobi

Mwaka 2025 kampuni ya kliniki ya Penda Health ya Nairobi, ikishirikiana na OpenAI, ilitoa matokeo ya jaribio katika kliniki zake 15, lililohusisha mahudhurio 39,849 ya wagonjwa. Programu ilifuatilia maandishi ya tabibu wakati akimhudumia mgonjwa, ikawasha kijani, njano au nyekundu kulingana na uzito wa kasoro iliyoiona. Uamuzi wa mwisho ulibaki kwa tabibu. Ripoti ilisema makosa ya utambuzi wa ugonjwa yalikuwa pungufu kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13, yakilinganishwa na matabibu ambao hawakuwa na programu hiyo.

Tukumbuke kwamba waliotoa ripoti ndio wenye kliniki na wenye teknolojia. Lakini kuna somo ndani yake: manufaa hayakuja kwa kuweka programu kwenye kompyuta tu. Yalionekana baada ya matabibu kuelekezwa na wenzao namna ya kuitumia na kuzifanyia kazi zile alama nyekundu.

Je, akili mnemba itachukua kazi ya muuguzi?

Hofu hii tunaisikia mara kwa mara. Takwimu za WHO zilizotolewa mwaka 2025 zinaonyesha kuwa mwaka 2023 dunia ilipungukiwa wauguzi milioni 5.8, na sehemu kubwa ya upungufu huo iko katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Programu haimgeuzi mgonjwa kitandani, haifungi kidonda wala haimshiki mkono mama aliye katika uchungu. Hatari iliyo karibu zaidi ni muuguzi mmoja kupewa wagonjwa wengi zaidi kwa hoja kwamba "mashine inawaangalia".

Maswali ya kujiuliza kabla ya kuamini jibu

Kwanza, programu hii ilifunzwa kwa wagonjwa wa wapi, na je, wanafanana na wa kwetu?

Pili, ninaweza kulihakiki jibu hili mwenyewe? Tuseme mtoto ana kilo 12 na ameandikiwa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo. Hiyo ni miligramu 180. Kama dawa ya maji ina miligramu 120 katika kila mililita 5, atapewa mililita 7.5. Programu ikiandika 75, anayejua hesabu atashtuka. Asiyejua atamimina.

Tatu, taarifa za mgonjwa ninazoziandika zinakwenda wapi? Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Kuingiza jina la mgonjwa na majibu yake ya vipimo katika programu ya simu ili kupata msaada wa kazi ya darasani ni kutoa siri ambayo si yako.

Nne, likitokea kosa, nani atawajibika? Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 kuhusu maadili ya akili mnemba katika afya unataka maamuzi ya matibabu yabaki mikononi mwa binadamu, na uwajibikaji uwe wazi.

Vyuo havihitaji kusubiri kompyuta za gharama kubwa ili kuanza. Mkufunzi anaweza kuchapa majibu matano ya programu kwenye karatasi, mawili yakiwa na makosa, kisha awaulize wanafunzi ni yapi na wamejuaje. Zoezi hilo litaonyesha kile ambacho dodoso haliwezi kuonyesha. Na wewe msikilizaji, siku ukiwa mgonjwa na ukaambiwa "mfumo umesema hivi", una haki ya kuuliza kwa heshima: na wewe muuguzi, ukinitazama, unaonaje?