Kichocheo: kutoka moto wa mafiga hadi bondi ya silikoni na nitrojeni

KICHOCHEO (nomino, ngeli ya KI-VI, wingi vichocheo). Nomino hii hutokana na kitenzi chochea kwa kuambikwa ki- mwanzoni na -o mwishoni, kama kifuniko kutokana na funika na kipimo kutokana na pima. Maana yake ya msingi ni kitu cha kuchochea. Ndugu zake mchochezi na uchochezi wamebeba maana ya fitina, na uchochezi umefika hata katika sheria za jinai. Kichocheo kimebaki safi, na ndiyo sababu wanasayansi waliweza kukiazima bila wasiwasi.

Tatizo limo katika kitenzi chenyewe. Huko Bombo, upande wa mashariki wa milima ya Upare wilayani Same, kama katika kila jiko la mafiga matatu, mtoto anayeambiwa “chochea moto” husukuma kuni ndani kwa sababu ncha zake zimekwisha kuwa makaa. Kinachochochea ndicho kinacholiwa na moto. Mtoto huyo akisoma baadaye kwamba mmenyuko wa kikemia unahitaji kichocheo, ana haki ya kudhani kwamba kichocheo ni kuni: kitateketea, na kitahitaji kuongezwa. Katika kemia maana ni kinyume chake. Kichocheo huongeza kasi ya mmenyuko nacho hakiishi. Kiasi kidogo hutumika tena na tena.

Walimu wengi, kwa kuogopa kosa hilo, huangukia jingine. Husema kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko “bila kushiriki”. Usemi huu ni rahisi kukariri lakini si sahihi. Kichocheo hushiriki kikamilifu: huungana na vitendanishi, hubadilika umbo, kisha hurudi kilivyokuwa. Fasili ifaayo ni “bila kuisha” au “bila kutumika chote”, na mfasiri anayekuta kosa hilo katika matini yake hana budi kulirekebisha.

Mfano unaoonyesha jambo hili waziwazi ni uundaji wa bondi kati ya silikoni na nitrojeni. Njia ya zamani huanza na kampaundi yenye silikoni na klorini, ambayo humenyushwa na amonia au amini. Bondi inayotakiwa hupatikana, lakini klorini hutoka ikiwa chumvi ya amonia, ambayo lazima ichujwe na kutupwa. Njia mpya huanza na silani, yaani kampaundi ambayo silikoni yake imeshika hidrojeni. Silani hukutanishwa na amini, na taka pekee ni gesi ya hidrojeni, inayojiondokea yenyewe. Tatizo ni kwamba vitu hivyo viwili, vikiachwa peke yake, kwa kawaida havifanyi lolote la maana. Hapo ndipo kichocheo huingia.

Chukua atomu ya bariamu iliyoshika nitrojeni ya amini. Ikikutana na silani, huipa silikoni ile nitrojeni na kupokea hidrojeni badala yake. Bondi mpya imeundwa. Sasa bariamu yenye hidrojeni hukutana na amini nyingine: hidrojeni mbili huungana na kutoka kama gesi, na bariamu hubaki imeshika nitrojeni, kama mwanzo. Mzunguko huanza upya. Bariamu imeshiriki katika kila hatua, na bado ipo yote. Mwaka 2011 kundi la Aaron Sadow katika Iowa State University lilionyesha kazi hiyo kwa magnesiamu. Mwaka 2015 Jean-François Carpentier na Yann Sarazin wa Rennes, pamoja na Sven Tobisch wa St Andrews, waliionyesha kwa bariamu, ambayo ilishinda strontiamu na kalsiamu kwa kasi. Bidhaa za aina hii zina matumizi makubwa: baadhi yake hupashwa joto zikawa nitridi ya silikoni, kauri ngumu inayovumilia joto kali.

Metali hizo huitwa za makundi makuu kwa sababu ya mahali pake katika jedwali la elementi, nje ya eneo la metali za mpito. Ndiyo maana tafsiri “vichocheo vya vyuma vya makundi makuu” haifai hata kidogo. Katika mazungumzo chuma ni metali yoyote ngumu, na Upare una historia yake katika neno hilo: ukoo wa Washana wa Ugweno, kaskazini mwa milima hiyo, ulijulikana kwa uhunzi. Lakini kwa mwanakemia chuma ni elementi moja, tena ni metali ya mpito. Nayo ni kichocheo mashuhuri, kwa kuwa viwanda vya amonia huitegemea. Msomaji makini ataelewa kinyume kabisa cha kilichokusudiwa.

Neno madini nalo halifai. Jasi ya Makanya, ng’ambo ya pili ya milima ukitoka Bombo, ni madini. Kalsiamu iliyomo ndani yake ni metali. Vivyo hivyo magnesaiti ya Chambogo na magnesiamu yake. Wingi huo wa kalsiamu na magnesiamu ardhini ni sababu mojawapo ya watafiti kuzipenda kuliko metali adimu kama paladi. Hata hivyo, jasi ikisagwa na kumwagwa juu ya silani haitachochea chochote: kalsiamu inapaswa kwanza kuwekwa katika kampaundi iliyo tayari kubadilishana washirika.

Mitego mingine ni midogo lakini huuma. Silikoni hutumika kwa elementi na pia kwa ule mpira wa kuzibia madirisha. Matini ikigusa vyote viwili, iandikwe “elementi ya silikoni” na “mpira wa silikoni”. Amini ya kikemia ni nomino ya ngeli ya I-ZI, na mwanzoni mwa sentensi msomaji huidhania kitenzi. Itangulizwe na neno kampaundi. Kimeng’enya ni kichocheo cha kibiolojia, kwa hiyo kila kimeng’enya ni kichocheo ila si kila kichocheo ni kimeng’enya. Katika kliniki za uzazi wa mpango, vichocheo humaanisha homoni. Matumizi hayo yamezoeleka na si ya kupigwa vita, bali katika kitabu cha kemia homoni iitwe homoni.

Mwisho ni kihusishi -a, ambacho hubeba mzigo mkubwa mno. Kichocheo cha bariamu ni kichocheo kilichoundwa kwa bariamu, au kinachoichochea bariamu? Lugha inaruhusu yote mawili. Pia vya zikirundikana (“vichocheo vya metali za makundi makuu vya kuunda bondi za silikoni na nitrojeni”), msomaji hajui kama bondi ni baina ya elementi hizo mbili au ni za kila moja peke yake. Matumizi yanayopendekezwa ni -enye kwa kilichomo, kirejeshi kwa kazi, na kati ya kwa bondi: Vichocheo vyenye metali za makundi makuu vinavyowezesha kuundwa kwa bondi kati ya silikoni na nitrojeni.